Kiapo cha Paladini Sebuleni Kwangu

Meza kubwa ya sebuleni aliitengeneza marehemu mume wangu kwa ajili ya sala za jumuiya, ili watu wapate pa kuweka Biblia na vikombe vya chai. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ingetandikwa ramani ya nchi isiyokuwepo duniani.

Mchezo wenyewe ulikuja na mwalimu wa sekondari, kijana wa Kagera aliyepangiwa kazi huku kwetu Gehandu. Yeye hukaa mwisho wa meza na kusimulia: mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanyaje? Wenzake kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Wanajibu kwa niaba yake, kisha wanarusha dadu zenye pande nyingi kuona kama wamefaulu. Muuguzi wa zahanati, binti wa Kiislamu kutoka Tanga, alichagua kuwa mwizi.

"Shikamoo, bibi," aliniambia siku ya kwanza. "Usifiche vijiko. Naiba humu kwenye ramani tu."

"Marahaba. Nitavihesabu hata hivyo," nikamjibu.

Wa tatu alikuwa mjukuu wangu. Masista walikuwa wamempa likizo aje kutuaga kabla ya kuanza unovisi, ule muda wa malezi kabla ya nadhiri. Mtu wake mchezoni walimwita paladini: askari mtakatifu mwenye upanga na ngao, ambaye nguvu zake zote zinatoka kwenye kiapo. Akikishika, mikono yake inaponya wagonjwa. Akikivunja, mwanga unamtoka. Niliuliza anamwapia mungu gani. Mwalimu akasema ni wa hadithi tu, bibi, usihofu. Nimefundisha katekisimu maisha yangu yote. Nikaona ni vema nikae karibu. Nikavuta kigoda mlangoni na ungo wangu wa maharage.

Basi nikamsikia mjukuu wangu akiapa. Alisimama, akaweka mkono kifuani: "Naapa mbele ya mwanga. Nitalinda lango hili hata nikichoka, hata nikiitwa kwingine, mpaka nife."

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Kwetu mtu haapi kwa kucheza. Neno likishatamkwa chini ya paa, mbele ya wazee, linakaa humo nyumbani kama mtu. Halifi kwa kunyamaziwa. Nikajiambia hawa ni vijana, wanafurahisha Jumapili yao. Lakini sauti yake niliijua. Ndiyo sauti aliyotumia siku ya komunyo yake ya kwanza, aliposimama kando ya meza hiyohiyo, mbele ya babu yake na mimi, akasema atakuwa sista. Babu yake alichinja kondoo. Mimi tangu siku ile sikusali rozari bila kumtaja.

Wiki zile sikutulia. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, nafagia uwanja uliofagiwa jana. Nikimtazama, namwona anapiga rangi viatu vyeusi ambavyo hajavivaa, halafu anavirudisha chini ya kitanda. Nikimuuliza kama yu mzima, anasema mzima, bibi. Anakwenda kuteka maji wakati mapipa yamejaa. Naye alikuwa hatulii, na kila mmoja wetu alimwona mwenzake. Upepo wa kutoka mlimani ulikuwa unagonga bati, nami nikausingizia huo.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Kesho yake asubuhi basi la Babati lingempitia barabarani. Begi lilikuwa tayari kando ya mlango. Vijana wakakaa mezani, nami na ungo wangu.

"Kutoka bondeni watu wanakuita," mwalimu akasimulia. "Wewe uko langoni. Unafanyaje?"

"Nataka kuondoka langoni," mjukuu wangu akasema.

"Ukiondoka umevunja kiapo. Mwanga unazimika, unakuwa askari wa giza."

"Njoo kwetu wezi," muuguzi akadakia. "Sisi hatuna masharti, na tunakula vizuri."

Mjukuu wangu hakucheka. "Hakuna njia nyingine?"

Mwalimu alifunua kurasa za kitabu chake, akarudi nyuma, akaenda mbele. "Ni kubaki au kuvunja. Sioni nyingine."

Nikashindwa kujizuia. "Ipo," nikasema kutoka mlangoni. "Kwetu mtu akielemewa na neno lake, havunji. Anarudi kwa wale waliomsikia, anawaambia, nifungueni. Wakikubali, wanakunywa naye maziwa kwenye kibuyu kimoja, na neno limerudi. Anatoka na baraka, si na giza."

Nilidhani nawasaidia mchezo. Mwalimu alifurahi, akaanza kuuliza ni maziwa mabichi au mgando. Mjukuu wangu alikuwa ananitazama.

"Bibi, na kama waliomsikia, mmoja ameshafariki?"

"Anamwendea aliyebaki."

"Na kama aliyebaki ni bibi yake?"

Muuguzi akaweka dadu chini polepole. Mimi nikainuka, nikasema nakwenda kutazama mbuzi. Mbuzi walikuwa salama. Niliwatazama hata hivyo, nikazunguka zizi, nikarudi, nikalizunguka tena. Nilimwambia Mungu yale ambayo mwanamke mzee humwambia Mungu akiwa amekasirika. Kisha nikakumbuka jambo nililowafundisha watoto wa watu miaka yote, kwamba nadhiri isiyo ya hiari si nadhiri. Nililifundisha kwa sauti kubwa, na kwa chaki. Haikuwa vigumu, kwa kuwa walikuwa watoto wa watu.

Nilipoingia nilikuwa nimebeba kibuyu. Nikanywa kwanza, nikampa. Akanywa, maziwa yakamwagika kidogo juu ya ramani, juu ya lango lile alilokuwa akililinda.

"Neno lako nimelipokea kwa niaba yangu na ya babu yako," nikasema. "Uko huru. Ukienda, uende kwa hiari yako. Ukibaki, hapa ni kwenu."

"Asante, bibi."

Mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini kama warushe dadu. Muuguzi akamfinya.

Asubuhi basi likafika na kupiga honi. Begi lilikuwa palepale kando ya mlango. Mjukuu wangu alikuwa jikoni akichochea uji, na sikumwita. Nilingoja honi ya pili, maana moyo wa bibi ni mzito. Kisha nikajifunga khanga vizuri, nikatoka mwenyewe mpaka barabarani.

"Yuko wapi sista wetu, bibi?" kondakta akaniuliza.

"Piteni, mwanangu," nikamwambia. "Mungu awatangulie."

Nikasimama pale mpaka vumbi likatua. Uji ulikuwa unanukia toka ndani, na nilikuwa na njaa.