Pete Niliyojinunulia na Kisu cha Umeme

Nichekeni, nami nacheka, maana hili nikibaki nalo peke yangu litanimaliza: niliwahi kuchelewesha upasuaji wangu wa saratani kwa sababu ya mume ambaye hayupo.

Pete niliinunua mwenyewe, dukani Bagamoyo (hii yetu ya Tukuyu), ili watu waache kuniuliza nitaolewa lini, maana mimi ni mtu wa ndani, nafunga mlango nakula ndizi zangu kimya. Saratani ya ovari ilipogundulika ilikuwa imeshasambaa, tumbo limejaa maji, vidole navyo vimevimba, na asubuhi ya upasuaji nesi akasema vyuma vyote vitoke, daktari atatumia kisu cha umeme, kinakata huku kinaziba mishipa, na umeme ukipita kwenye chuma unaweza kukuunguza. Sabuni, mafuta, uzi, pete haisogei.

"Tutaikata," akasema nesi, "ila mumeo ajue kwanza, asije akatugombeza."

Hapo ningesema ukweli yangekwisha. Mimi nikasema yuko shamba, simu haishiki.

Bibi wa kitanda cha jirani, mtu wa Kisondela, akadakia. "Mwanangu, mumeo nani? Nitampata mimi."

"Ambokile," nikasema, jina la kwanza lililonijia, "wa Msasani, hii ya hapa Tukuyu."

"Aa, huyo si binamu yangu!" Akapiga simu, akaweka spika (masikio yake mazito), wodi nzima ikatulia kusikiliza.

"Mke gani?" mzee Ambokile akauliza. "Wangu nilishamzika. Huyo anaumwa nini, kichwa?"

Nesi akatazama saa. "Dada, kama hauko tayari tunaingiza mwingine, na ugonjwa wako si wa kungoja."

Basi nikasema, mbele ya wanawake saba: sina mume, sijawahi kuwa naye, kateni. Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru wangecheka. Bibi alikata simu taratibu, akaniambia "pole, mwanangu," kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Pete ilikatwa, nami nikapasuliwa salama. Kudanganya sirudii. Nikiulizwa mume, nasema sina, halafu nangoja kile kimya kinachofuata, maana ndicho nilichokuwa nakikimbia miaka yote, na chenyewe hakina sindano ya ganzi.