Kangaga za Mama

Uani kwetu Kariakoo jua halifiki. Ghorofa zimetuzunguka pande tatu, nyumba yetu ya chini imebaki katikati. Wengine tulilalamikia giza hilo, lakini mama alilishukuru, kwa sababu kangaga hazipendi jua. Alizipanda kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, akayapanga ndani ya mfereji wa saruji, kando ya kigoda chake cha kutawadhia.

Nilizoea kumtania. "Mama, majani hayaliki, hayatoi ua. Ya nini?"

"Na wewe ua lako liko wapi?" ananijibu, huku akiyapangusa vumbi.

Alipofariki, tuligawana vitu vyake baada ya hitma. Dada yangu mkubwa alichukua kanga na vyombo. Mimi nikasema nataka kangaga. Walicheka, maana hakuna aliyewahi kuniona nikimwagilia hata mchicha.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda dukani kwangu Msimbazi, nilizimwagia ndoo nzima kwa mkupuo, maji yakakimbia yote mferejini. Jioni nakuta ncha zimekauka. Nikanunua mbolea. Nikagombana na jirani kwamba kiyoyozi chake kinatupulizia joto. Makopo yakaendelea kufa, moja baada ya jingine. Yalipobaki matatu nilikaa sakafuni nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Niliona namzika mama mara ya pili.

Dada alikuja siku moja adhuhuri, nami sikufungua duka. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye makopo. Alichukua birika, akaketi kwenye kigoda cha mama, akaanza kutawadha. Maji yakamtoka mikononi na miguuni, yakateremka mferejini, yakapita taratibu chini ya kopo la kwanza, la pili, la tatu.

"Wewe unatawadhia wapi?" akaniuliza.

"Msikitini."

"Lini?"

"Ijumaa."

Akaweka birika chini. "Mama alitawadha hapa mara tano kwa siku, maisha yake yote. Ulidhani zinakunywa nini?"

Nimezaliwa nyumba ile, na sikuwahi kuyafuata maji yale kwa macho. Niliona aibu, ikaniuma kuliko siku ya mazishi.

Kopo moja halikupona. Mawili yamechipua. Adhuhuri nafunga duka, narudi nyumbani, nakaa kwenye kigoda. Nilianza kwa ajili ya kangaga, sitasema uongo. Mama aliniusia sala miaka yote, nami nikimwambia, "Kesho, mama." Sasa nikimaliza kuosha mguu wa kushoto, nangoja maji yafike kopo la mwisho, ndipo naingia ndani kutandika mswala wake.