Jeneza la Bibi Aliye Hai

Saa tatu asubuhi, Onufri Petrashchuk anafuta vumbi juu ya jeneza ambalo hataki kumuuzia mtu. Ana umri wa miaka 61, na kwa miaka 34 amekuwa akitengeneza majeneza katika kijiji hiki cha milima ya Karpati.

"Hili lina mwenyewe," anasema. "Na mwenyewe yu hai."

Septemba iliyopita alifika kijana kutoka Kroatia, Kreshimir, akasema kwa lugha ya kwao kwamba anatafuta "domovina" ya bibi yake Yavdokha, aliyeondoka hapa akiwa msichana. Kwa Wakroatia, neno hilo ni nchi ya asili. Kwa Onufri na Waukraine wenzake, ni jeneza.

"Nikamuuliza, bibi ana urefu gani? Akashangaa kidogo, akaonyesha begani kwake. Nikampa pole, nikamwambia arudi baada ya siku nne."

Kijana aliporudi na kulikuta jeneza, aliishia mlangoni. "Mjomba, bibi hajafa. Nataka nyumba aliyozaliwa."

Ikabidi aitwe Mwalimu Stefania, anayefundisha lugha. Akawaeleza kwamba Waslavi wa kale walikuwa na neno moja, lililotokana na "dom", yaani nyumba. Halikuandikwa popote; wataalamu wamelifufua kwa kulinganisha lugha zilizolirithi. Huku likawa makao ya wafu, kule makao ya walio hai.

"Kumbe mnagombania urithi wa babu mmoja," Stefania akawatania.

Wakacheka. Kisha Kreshimir akatoa karatasi yenye jina la baba yake Yavdokha: Tymchak. Onufri akaligeukia jeneza. Nyumba ya Tymchak ilibomolewa mwaka huohuo, na mbao zake alizinunua yeye. Jeneza lote lilitoka humo.

Hawakumwambia bibi habari za jeneza. Kreshimir alimpigia simu na kusema tu kwamba nyumba haipo tena, na mbao zake ziko kwa fundi mmoja. Yavdokha, mwenye miaka 91, akaomba kuzungumza na fundi.

"Akaniuliza kwa lugha yetu kabisa, 'Mwanangu, hizo mbao bado zinanuka moshi?'" Onufri anasimulia. "Nikainama nikanusa. Zilikuwa zinanuka."

Bibi amesema atakuja Mei. Onufri hajapigilia kifuniko. Anataka kumwomba ruhusa alibomoe, amtengenezee kitanda.

"Akikataa," anasema kwa sauti ya chini, "basi angalau akae kwangu kwanza, tule naye hadi theluji ianguke."