Mahali pa Kumzika Okwi

Manyunyu yalianza alfajiri, na kufikia saa nne yalikuwa bado hayajaamua kama ni mvua au la. Mzee Osukuku alivaa gambuti, akafungua mlango wa nyuma, na mbwa wawili wakamfuata bustanini: Kaveti, dume zee linaloburuta mguu, na Tosha, jike jekundu. Walikuwa mbwa wa mwanawe Okwi, aliyewaleta wakiwa wadogo, wamelala juu ya kiti cha lori.

Okwi alikuwa dereva wa masafa marefu. Miaka minne iliyopita alivuka hapa Malaba na shehena ya saruji kwenda Juba. Lori lilipatikana kando ya barabara, limeteketea. Yeye hakupatikana, si mzima si maiti. Osukuku, aliyeziba pancha za malori pale mpakani miaka thelathini, aliwauliza madereva wote aliowajua, mpaka wakaanza kukwepa kibanda chake.

Sasa ukoo ulikuwa umechoka kungoja. Jumamosi wangezika mgomba badala ya mwili, ili roho ya kijana ipate kutulia. Ilibaki baba aonyeshe mahali.

Alitembea polepole, kwa sababu ya mguu wa Kaveti, na kwa sababu hakutaka kufika. Penye mihogo udongo ulikuwa laini. Akapapita. Chini ya mparachichi alisimama, kisha akaona aibu kumtafutia kivuli mtu ambaye hangekuwemo. Tosha alinusa mizizi, akapiga chafya.

Mkewe, Akurut, akaja amejifunika leso kichwani.

"Baba Okwi, ndugu yako amepiga simu. Wachimbaji wanauliza ni wapi."

"Mwambie sijapaona."

"Umezunguka mara ngapi?"

Osukuku alichokoa udongo kwa ncha ya gambuti.

"Mimi nilishamlilia," Akurut alisema taratibu. "Wewe bado unamngoja yeye, na mimi nakungoja wewe."

Kwenye foleni ya mpaka lori likapiga honi. Zamani mbwa wale wangekimbia mpaka langoni. Leo hata masikio hawakuinua. Osukuku aliwatazama.

"Hapa," akasema hatimaye. Walikuwa wamesimama kati ya mistari ya sukuma.

"Katikati ya mboga?"

"Popote ni sawa, mama Okwi. Si hayumo."

Jumamosi wakazika mgomba uliovishwa shati la Okwi. Katekista aliomba, shangazi wakalia, Osukuku akatupa udongo kama wengine. Walimwambia moyo utakuwa mwepesi. Aliungoja wepesi huo wiki ya kwanza, na ya pili. Haukuja. Kungoja kulikuwa kumempa kazi kila asubuhi, na sasa hata kazi hiyo walikuwa wameifukia.

Asubuhi mbwa walipokuja mlangoni, aliwaambia, "Kaeni," akafunga, akabaki ndani.