Mwenyekiti Juu ya Mashine ya Nyasi

Mtaani kwetu Kariakoo nyasi huota mahali pamoja tu, kwenye ufa kati ya ukuta wetu na mfereji wa maji machafu, na hata hizo, mbuzi wa jirani huzimaliza kabla hazijanyooka. Kwa hiyo siku baba mdogo alipotuletea mashine ya kukatia nyasi, tena ile kubwa ambayo mtu huikalia na kuiendesha kama trekta, wenye maduka walitoka nje kuangalia imekuja kukata nini.

"Huu ni mtaji," baba mdogo aliwaambia.

Aliinunua kwa familia moja ya Kihindi kule Upanga, waliokuwa wanauza nyumba yenye bustani na kuhamia ghorofani. Mpango wake ulikuwa kupata tenda za kukata nyasi za viwanja na maofisi. Tenda, alisema, ziko njiani. Wakati ziko njiani mashine ingekaa kwetu, maana kwake hakuna nafasi na sisi tuna korido.

Ni kweli tuna korido. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya zamani, imebanwa na ghorofa huku na ghorofa huku. Korido inapita katikati, vyumba viko pande zote mbili, na uani ndiko kuliko na jiko, bomba na choo. Wazazi walituachia hiyo. Walipofariki nilikuwa kidato cha pili, mkubwa wa wote, na ukoo ulikaa kikao ukaamua tugawanywe, huyu kwa shangazi Magomeni, yule kwa mjomba Tanga. "Kwa muda tu," walisema. Niliacha shule, nikaanza kupika chapati na maharage kwa ajili ya wapagazi wa sokoni, na hakuna aliyegawanywa. Siku hizi baba mdogo husimulia habari hiyo kana kwamba lilikuwa wazo lake.

Mashine iliingia kirahisi. Ilishushwa kutoka kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa mbao mbili, na mdogo wangu wa kiume akaisukuma hadi ndani kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika simu. Ikasimama katikati ya korido kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Tulijifunza kupita ubavu ubavu. Nyuma yake palichomoza chuma chembamba kama mkia, kikawa kinatushika khanga, tukajifunza na kupandisha khanga. Betri baba mdogo aliifuata mapema tu, akasema kwake umeme unasumbua.

Tungeishi nayo hivyo hivyo mpaka leo. Ila mdogo wetu wa mwisho aligongwa na bodaboda akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali kule Upanga, na ilipofika wakati wa kupewa ruhusa daktari akaniambia atatoka Jumamosi, lakini kwa kiti cha magurudumu, na atakaa nacho kwa miezi. Mtoto mwenyewe aliniambia jambo moja tu.

"Dada, mimi nataka kulala kwetu."

Nilikipima kile kiti kwa khanga, nikarudi nyumbani kupima nafasi iliyobaki kati ya mashine na ukuta. Kiti kingeweza kupita, kikiwa kimekunjwa, bila mtu. Kumlaza chumba cha mbele kusingesaidia. Chumba hicho tumempangisha Mangi, mwenye duka la vyombo vya jumla, na amekijaza chupa za chai mpaka darini. Na hata angekitoa, choo kiko uani.

Basi tukaamua kuisukuma mashine nje. Haikusogea.

Breki tuliiangalia kwanza, ilikuwa imeachiwa. Matairi tukayajaza upepo. Magurudumu ya mbele yalikubali kugeuka kushoto na kulia kwa adabu kabisa, lakini ya nyuma yalikaa kama yamejengewa saruji. Mangi alikuja na kikombe chake cha chai, akaegemea mlango.

"Weka free," akasema.

"Free iko wapi, Mangi?"

"Kila gari ina free, dada, pale gia haishiki. Tafuta."

Kuanzia hapo kila aliyepita barabarani alichungulia ndani akasema weka free. Alisema muuza karanga. Alisema abiria aliyekuwa ndani ya bajaji, bajaji haijasimama hata. Ilibidi nimwite fundi pikipiki wa pale kona. Alilala chini ya mashine muda mrefu hadi nikadhani amesinzia, halafu akatoa kichwa.

"Hii haina gia. Inaendeshwa na mafuta mazito yaliyofungiwa humu. Mafuta yanasukuma, matairi yanazunguka."

"Mbona sasa hayazunguki?"

"Injini imezima, dada. Mafuta yamelala, na yakilala yanashika."

"Yanaamshwaje?"

"Washa injini."

"Haina betri."

"Betri iko wapi?"

Nilimpigia baba mdogo. Akasema betri ina kazi, wiki hii kuna mechi, na isitoshe mashine ile ni ya kisasa, nisiruhusu watu wa mtaani waichezee.

Wateja wangu wa chapati ndio waliokuja kuichezea. Ni watu wanaobeba gunia la mchele mgongoni huku wanatukanana kwa furaha, nikaamini mashine itanyanyuka. Lakini korido yetu inaruhusu watu wawili tu kwa upande, na kila wawili walitaka kuwa upande wa kutoa amri. Mmoja akashauri maji ya sabuni. Tukamwaga. Mashine ikateleza kweli, ikateleza kuelekea uani na kulalia ukuta, na yule mshauri akateleza nayo akaangukia beseni langu la unga. Tulipomaliza nafasi ilikuwa imepungua. Hata mimi sasa nilipita kwa kuvuta pumzi ndani.

Ijumaa asubuhi nilimwita mchomeleaji wa mtaa wa Gerezani, nikamwambia aikate vipande. Akaiangalia kwa huruma, akaenda kuchukua mtungi wa gesi. Kabla hajarudi baba mdogo alifika, nadhani Mangi alimpigia, na nyuma yake shangazi wa Magomeni na wazee wawili wa ukoo ambao mara ya mwisho niliwaona kwenye pilau ya arobaini ya mama.

"Mali haikatwi," baba mdogo alisema. "Tunakaa kikao."

Kikao cha ukoo lazima kiwe na mwenyekiti, na mwenyekiti lazima awe na kiti. Viti tulivyonavyo vilikuwa uani, ng'ambo ya mashine. Baba mdogo akapandisha kanzu yake kwa nyuma, akapanda juu ya mashine, akakaa kwenye kile kiti cheusi, mikono kwenye usukani. Wazee wakasimama mbele yake kwenye mlango. Mimi na wadogo zangu tulikuwa nyuma, upande wa uani, tukiongea na kisogo chake.

Akafungua kikao kwa dua. Akatoa historia ya mashine. Akaeleza kwamba hitilafu kama hii inahitaji subira na wataalamu, na kwamba ukoo usipelekeshwe na haraka za vijana. Mzee mmoja akaunga mkono. Mwingine akauliza kama nyasi zimeshakatwa.

"Kuhusu mtoto," baba mdogo akaendelea, "dada yangu hapa ana nafasi Magomeni. Mtoto aende kule. Kwa muda tu."

Shangazi akasema chumba ameshafagia. Alisema kwa wema, na hilo ndilo lililonitisha. Miaka yote nimekanda unga alfajiri ili hilo neno "kwa muda tu" lisipite kwenye mlango wetu, na sasa limeingia, limekaa kwenye kiti, lina usukani.

"Haendi," nikasema.

"Unajibizana na kikao?"

"Shikamoo kikao. Mtoto haendi."

Wazee wakaguna. Simu ya baba mdogo ikaita, akashuka kuipokea nje. Aliposhuka alifanya kitu ambacho pengine nilikuwa nimeshakiona bila kukitazama. Aliishika kanzu kwa nyuma, akaipandisha juu na kuizungusha pembeni, kama mtu anayekwepa mwiba. Nikaangalia anakwepa nini. Hapakuwa na kitu. Ule mkia wa chuma haukuwepo. Na mimi mwenyewe, nilipofikiria, nilikuwa bado napandisha khanga kila ninapopita.

Aliporudi akapandisha kanzu tena.

"Baba mdogo, samahani. Hapo unakwepa nini?"

"Si ni kile chuma. Kilinichania kanzu ya Idi, nzima kabisa."

"Kiko wapi sasa?"

"Nilikipiga teke kikarudi ndani. Watu wazima tunapita hapa." Akapanda, akakaa. "Tuendelee."

Waliendelea. Mimi nikakumbuka kwamba siku mashine inaingia kirahisi chuma kile kilikuwa nje, nikachuchumaa nyuma yake. Ncha ya chuma ilikuwa imebaki nje kidogo tu, imeota kutu. Nikamwambia mdogo wangu alete mafuta ya taa na plaizi. Juu yangu mwenyekiti alikuwa anafafanua tofauti kati ya kugawanya watoto na kuwapumzisha. Nikapaka mafuta, nikasubiri, nikavuta. Hakikutaka. Nikaweka mguu ukutani, nikavuta tena, kikatoka kwa mlio kama mtu aliyekohoa, nikakishusha kwenye pengo lake ili kisirudi.

"Kwa hiyo azimio la kikao ni kwamba..." baba mdogo alikuwa anasema.

Nikasukuma. Sikutumia nguvu nyingi. Mwenyekiti akaanza kuondoka kuelekea barabarani, mgongo umenyooka, bado anatamka azimio, na wazee wakampisha mmoja mmoja kama msafara wa mkubwa. Azimio lilikatika alipofika kwenye mwanga. Mdogo wangu alikuwa ameshaweka zile mbao mbili kwenye ngazi za mlangoni, tukamteremsha taratibu.

Mangi alitoka na chai yake. "Si nilisema. Free."

Baba mdogo alibaki amekaa pale kando ya barabara, watu wanampita na mizigo kichwani. Kisha akasema alikuwa anatupima tu, aone kama tuna akili. Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta, akauliza kama azimio nalo limebaki nje.

"Limebaki nje, shangazi," nikasema.

Kesho yake asubuhi wamachinga walikuwa wameshapanga sidiria na soksi juu ya mashine, kiti kimevalishwa fulana ya mpira. Ndiyo kazi ya kwanza mashine kuifanya tangu ihamie Kariakoo, na baba mdogo alikuja kuwaambia wasiichezee. Mchomeleaji alikuwa ameegemea mtungi wake, bado ana matumaini.

Mtoto alifika kwa bajaji. Tulimkalisha kwenye kiti chake, tukasukuma, kiti kikagoma. Baba mdogo akaacha ugomvi na wamachinga, akaja kuinama, akauliza mafuta yake yanawekwa wapi. Mtoto akashusha mkono akaachia breki mwenyewe.

Aliingia koridoni amenyoosha mikono, vidole vinagusa ukuta huku na huku. Nilimfuata kwa nyuma. Nilipofika katikati nikajikuta nimepandisha khanga.