Ubeti wa Kinanthi

Warsini alijua Kiswahili kabla ya kujua Kiarabu. Hakupanga iwe hivyo. Alipofika Maskati kutoka kijiji cha milima ya chokaa karibu na Wonogiri, kisiwani Java, alipelekwa kufanya kazi Khuwair ya Kusini, nyumbani kwa Bi Nasriya, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Unguja na kuja Omani akiwa msichana. Nyumba ile Kiarabu kilikuwa cha sebuleni, wageni wakija. Jikoni, vyumbani na kwenye ugomvi kilikuwa Kiswahili. Miezi minne ya mwanzo Warsini aliamini anajifunza Kiarabu, mpaka siku alipokwenda dukani peke yake akaomba vitunguu maji na ndimu, na muuzaji akabaki kumkodolea macho.

Aliporudi mikono mitupu na kueleza yaliyomkuta, Bi Nasriya alicheka mpaka akavua miwani.

Warsini alikuwa na miaka ishirini na minane wakati huo. Nyuma yake alimwacha mtoto wa miaka minne, Palupi, kwa babu na bibi yake. Mume alikuwa amekwenda kutafuta kazi Jakarta akapata na mke mwengine huko huko. Warsini aliondoka asubuhi, mtoto kamshika nguo, ikabidi bibi yake ambandue kidole kimoja kimoja. Kila baada ya miaka miwili alipata likizo, na kila likizo alimkuta Palupi mtu mwengine: mara kang'oka meno, mara kavunja ungo, mara mrefu kumpita mama yake. Walikuwa wakisalimiana kwa adabu, kama watu waliokutana kwenye khitima.

Baba yake Warsini, Mbah Kariyo, alikuwa mkulima wa muhogo, lakini kijijini walimjua zaidi kwa sauti yake. Yeye na wenzake walikuwa wakikutana kuimba macapat, mashairi ya Kijava ya tangu zamani, ambayo hayasomwi kimya, lazima yaimbwe. Wanaume waliketi mkekani, na Warsini, aliyekuwa akiwapikia chai, aliyadaka yote kutoka jikoni. Baba alipogundua hakumkataza. Alimfundisha kuhesabu kwa kugonga vidole gumba juu ya paja.

Tabia hiyo alikuja nayo Maskati. Siku moja, mwaka wake wa tatu, Bi Nasriya alimkuta akipiga pasi huku akiimba kwa sauti ya chini, na mkono wa kushoto unacheza vidole.

"Unahesabu nini, mwanangu? Nguo?"

"Hapana, Bibi. Nahesabu maneno. Vipande vya maneno."

Bi Nasriya alivuta kiti. Alikuwa amesomesha watoto miaka thelathini, na ujanani alikuwa akipangiwa foleni na watu waliotaka mashairi ya harusi. "Hebu rudia. Vipande vya maneno namna gani?"

Warsini akaeleza kwa Kiswahili alichokuwa nacho. Macapat zipo namna kumi na moja. Kila namna ina idadi yake ya mistari, kila mstari una idadi yake ya silabi, na kila mstari lazima umalizikie kwenye irabu iliyopangwa. Ukikosea kimoja, wazee watakusimamisha. Na kila namna ina mahala pake katika umri wa mtu: ipo ya mtoto aliye tumboni, ipo ya kuzaliwa, ya ujana, ya mapenzi, mpaka ya roho kuachana na mwili, na ya mwisho kabisa ni ya sanda.

"Ala! Kumbe na nyinyi mna mizani," alisema Bi Nasriya. "Na hizo namna zenu, siye twaziita bahari. Bahari kumi na moja! Lakini vina vyenu irabu tu? Mmejirahisishia."

"Bibi, nyinyi mistari yote sawasawa. Sisi mmoja kumi na mbili, mwenziwe sita. Nani kajirahisishia?"

Tokea siku hiyo pasi haikupigwa kimya tena. Mchana baada ya chakula walikaa wawili wakishindana. Bi Nasriya alijifunza majina ya bahari za Kijava akiyatamka kwa ghunna, sauti ya puani, kama anasoma aya, na Warsini akajifunza kutunga mishororo minne ya mizani nane. Waligundua kwamba ipo bahari moja ya Kijava, kinanthi, ambayo mistari yake sita yote ina mizani nane, sawa na utenzi wa Kiswahili. Tofauti ni idadi ya mistari na irabu za mwisho tu. Kinanthi, alieleza Warsini, ni mtu kuongozwa kwa kushikwa mkono.

Miaka ikenda. Mbah Kariyo akafa, na Warsini hakuwahi kumzika. Palupi akamaliza skuli, akapata kazi katika duka la dawa, akachumbiwa. Harusi ikapangwa Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, ambao Wajava wanaupenda kwa kuozesha. Warsini akapewa likizo ya miezi miwili na tiketi mkononi. Alinunua mafuta ya ubani, halwa mabeseni matatu, na kitambaa cha rangi ya zabibu cha kushonesha nguo yake ya mama wa bibi harusi.

Zikiwa zimebaki siku nane kabla ya harusi, Bi Nasriya aliteleza chooni akavunjika nyonga.

Alipasuliwa siku ya pili yake. Alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, Kiarabu chote kilikuwa kimemtoka. Aliita maji kwa Kiswahili, alilalamika kwa Kiswahili, aliwatukana wauguzi kwa Kiswahili, nao, maskini, waliotoka Kerala na Manila, walibaki kutazamana. Binti yake wa pekee, Taghreed, alikuwa akiishi Al Amerat, nyuma ya milima, na watoto watatu na kazi wizarani. Asubuhi alipita hospitali kabla ya kazi, jioni alipita tena, na katikati hakuwa na mtu ila Warsini.

Siku ya tatu Taghreed alimkuta kwenye korido. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Warsini, siwezi kukulazimisha. Harusi ni ya mwanao, nnajua. Lakini mama hali bila wewe. Jana kanitazama mimi kaniuliza wewe uko wapi." "Tiketi tutaibadilisha, utakwenda wakati wowote unaotaka. Nnakuomba tu."

Warsini alisikia neno "siwezi kukulazimisha" na akajua kwamba anaweza. Hakuna aliyelisema hilo, na labda Taghreed mwenyewe hakulijua. Lakini halikuwa hilo peke yake. Kule ndani alikuwa amelala mwanamke aliyemkalia kitako kila mchana kwa zaidi ya miaka kumi. Alisema, "Nitakaa."

Akampigia Palupi simu. Aliongea sana, akaeleza nyonga, upasuaji, Kiarabu kilichopotea. Upande wa pili sauti ikasema, "Si neno, Ibu." Ibu ni mama. Baada ya hapo simu zake hazikupokewa tena.

Bi Nasriya alipata fahamu zake sawasawa baada ya siku tano. Kitu cha kwanza alichouliza ni tarehe. Alipoambiwa, alimtazama Warsini aliyekuwa akimkamulia chungwa.

"Wewe hukupaswa kuwa Java leo?"

"Bi Taghreed aliniomba, Bibi. Na mimi nilikubali."

Taghreed alipoingia jioni ile alikaribishwa kwa maneno ambayo Warsini alitamani asiyasikie. "Mimi mtu mzima nimeshaozesha, nimeshazika, sina ninachokosa," alisema Bi Nasriya. "Umemnyima mwenzio siku isiyorudi. Kwa ajili ya mfupa!" Taghreed akakaa pembeni ya kitanda akalia kama mtoto, na Warsini akabaki amesimama katikati yao na gilasi ya maji ya chungwa, hajui ampe nani.

Harusi ilikuwa imebaki siku tatu. Ndege ya kumfikisha mpaka kijijini kwa wakati haikupatikana. Kesho yake mchana Bi Nasriya akasema, "Basi peleka sauti. Mtungie."

"Nimejaribu, Bibi. Haitoki. Lugha ya kutungia ni Kijava cha adabu, kile cha baba. Nimekisahau. Kila neno linalokuja ni la sokoni."

"Basi liseme kwanza kwa Kiswahili. Niambie mimi, usimwambie yeye. Ilikuwaje siku ile uliyoondoka?"

Hakuwahi kumsimulia mtu. Akamsimulia: nguo, vidole, njia ya mawe kuteremka mpaka barabarani, na jinsi alivyokuwa akisikia kilio nyuma yake akajizuia shingo isigeuke, maana angegeuka asingekwenda. Bi Nasriya alisikiliza macho yamefumba. Halafu akaanza kugonga kidole juu ya shuka. Walitunga kutoka adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, wakigombana juu ya kila neno, na muuguzi aliyekuja kupima presha alifukuzwa mara mbili. Walipomaliza, ubeti ulikuwa huu, wa Kiswahili lakini katika kinanthi, kwa mistari sita na irabu zake:

*Ulishika nguo yangu,*
*sikugeuka njiani.*
*Leo yuko wa kushika*
*mkono wako, si mimi.*
*Nenda naye, nenda mwana;*
*ukigeuka, u nami.*

Mara ulipokwisha kusemwa, Kijava kikaja. Warsini alikaa kwenye kiti cha wageni akaugeuza mstari kwa mstari, na maneno ya baba yake yaliyokuwa yamempotea miaka yote yakarudi.

Ikabaki kuuimba, na hospitalini hakuna pahala pa kuimba. Taghreed ndiye aliyesema, "Njoo garini." Wakateremka mpaka kwenye maegesho. Ilikuwa mwezi wa sita, jua la Maskati limekaa juu ya bati la gari, lakini ubaridi wa gari ulikuwa unavuma na sauti yake ikiingia kwenye simu. Taghreed akauzima, akapandisha vioo vyote, akashika simu kwa mikono miwili mbele ya mdomo wa Warsini. Jasho likawatiririka wote wawili. Mara ya kwanza mtu alipiga honi. Mara ya pili Warsini alikwama kwenye mstari wa nne. Mara ya tatu aliimba mpaka mwisho, na sauti ilitetemeka lakini haikukatika. Taghreed hakufahamu hata neno moja. Alipozima simu hakufungua mlango mara moja.

"Nisamehe, dada," alisema. Kabla ya hapo hakuwahi kumwita dada.

Warsini alimfuta jasho la paji la uso kwa ncha ya mtandio wake, wakarudi juu.

Asubuhi ya harusi, Maskati ikiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, kaka yake Warsini aliuchezesha ule wimbo kwenye spika za harusini na kumwonyesha Warsini kwa simu. Picha ilikuwa ikikatika katika. Aliona maua, aliona mgongo wa mwanawe uliovaa velveti nyeusi yenye nakshi za dhahabu, aliona wazee wa kundi la baba yake wameinamisha vichwa wakisikiliza. Uso wa Palupi hakuuona. Wimbo ulipokwisha mtandao ukakatika kabisa.

Siku ikapita, ikapita ya pili na ya tatu, na Bi Nasriya akaruhusiwa kurudi nyumbani. Warsini aliosha, alipika, alimsindikiza Bi Nasriya hatua kumi za kwanza kwa kigari chake cha kutembelea, na kila simu ikilia aliikimbilia. Siku ya nne ujumbe ukaingia. Aliusoma amesimama, kisha akakaa chini.

"Nini?" aliuliza Bi Nasriya.

"Kaniandikia Palupi."

"Kasemaje?"

"Kasema, 'Ibu, mstari wa nne una silabi tisa.'"

Bi Nasriya akashika kifua. "Tisa! Hebu hesabu."

Warsini akahesabu kwa vidole. Kweli, tisa. Kwa Kiswahili ulikuwa nane, lakini katika kuugeuza neno moja lilizidi, na yeye kwa kilio hakusikia. Ndipo alipofahamu jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: Mbah Kariyo alikuwa amemfundisha mjukuu pia. Miaka yote ile waliyokuwa wakisalimiana kwa adabu, mtoto alikuwa anajua kuhesabu.

Ujumbe ulikuwa unaendelea. Palupi alikuwa amependekeza marekebisho: toa neno moja tu, *tan*, mstari utakaa sawa.

"Tan ndiyo nini?" aliuliza Bi Nasriya.

"Ni 'si', Bibi. Ile 'si' ya 'si mimi'."

Bi Nasriya aliusoma mstari moyoni bila ya neno lile, *mkono wako, mimi*, midomo ikimcheza. Kisha akageuza uso dirishani, akasema ana usingizi, ingawa alikuwa ndiyo kwanza ameamka.

Warsini alipiga simu, na safari hii ilipokewa. Hawakusema mengi. Palupi alimuuliza kama nyonga ya yule bibi inapona, Warsini akauliza kama mvua ilinyesha harusini. Kisha Palupi akasema kwamba ana daftari la babu, limeandikwa kwa mkono, na kuna beti asizozielewa; kama mama ana nafasi siku za Ijumaa, wangezisoma pamoja.

Warsini alikwenda Java miezi mitatu baadaye, Bi Nasriya alipoweza kutembea na bakora. Alivaa ile nguo ya rangi ya zabibu siku ya kuingia nyumbani kwa mkwewe, ingawa hapakuwa na shughuli yoyote. Taghreed alimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe, na kwa muda wote ambao Warsini hakuwapo alilala Khuwair na mama yake, akifunzwa, kwa lazima na bila ya huruma, mizani ni kitu gani.