Dawa Iliyoniponya Tumbo Ikaninyima Mtoto

Mimi ni mtu wa kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akakaushwa. Nilifika Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, nikiwa na kaptula moja na darasa la nne ambalo sikulimaliza. Nikabeba mizigo ya watu kichwani. Leo nina ghala langu na watu kumi na mmoja wanakula kwa jasho langu. Nasema hivi mapema ili ujue kwamba anayekusimulia habari za utumbo na za chumbani siyo mtu wa kulialia. Mwanangu Limi amenisahihishia herufi tu. Alitaka tuondoe sehemu fulani fulani, nimekataa.

Nilichelewa kuoa. Kaka yangu alifariki akaacha watoto watano, Limi akiwa mkubwa wao. Nikawachukua wote, nikawalea hadi wa mwisho akamaliza sekondari. Ndipo nikamuoa Kabula, binti wa Sengerema, mwenye kucheka sana na mwenye ulimi pia. Mwaka wa kwanza tulikaa vizuri. Kisha tumbo likaanza.

Lilianza kama kuhara kwa kawaida. Nikanunua dawa ya ameba dukani, likatulia siku mbili, likarudi na damu. Damu nyekundu iliyochanganyika na makamasi. Chooni nilikwenda mara kumi na tano kwa siku, na kila nikiinuka nilihisi bado sijamaliza. Zahanati moja wakasema ameba, nyingine wakasema taifodi. Nilimeza vidonge hadi ulimi ukawa na ladha ya chuma. Jirani yangu akasema nimerogwa na wenzangu wa biashara. Nilikonda hadi mkanda nikautoboa matundu mapya kwa msumari.

Siku moja nikiwa napima mzigo wa mteja wa Kongo, nikabanwa. Choo kilikuwa hatua hamsini. Sikufika. Mtu mzima mimi, mbele ya vibarua wangu, na suruali ya kijivu. Kabula aliifua bila kuziba pua. Akaianika, akaja kukaa karibu yangu.

"Baba Limi, kesho tunakwenda hospitali kubwa."

"Kesho nina mzigo."

"Mzigo umeuonyesha leo. Kesho hospitali."

Na chumbani je? Siliruki hilo. Miezi minane kitanda kilikuwa cha kulala tu. Mwili ukikosa damu na usingizi, hakuna kinachosimama. Nilidhani uzee umenifika, nikanyamaza.

Hospitalini wakaniingizia mpira wenye kamera kwa njia ya haja kubwa. Haiumi sana kama watu wanavyotisha. Kinachouma ni fahari. Daktari alikuwa mwanamke kijana, rika la Limi. Alinipa shikamoo kwanza, ndipo akaniambia la kuniambia.

"Baba, una vidonda kwenye utumbo mpana. Siyo ameba wala uchawi, na humwambukizi mtu. Kinga ya mwili wako inaushambulia utumbo wako mwenyewe. Hatuwezi kuung'oa ugonjwa huu, lakini tunaweza kuutuliza ukaishi vizuri."

Akauliza maswali yake. Unavuta sigara? Unakunywa? Una watoto?

"Watano," nikasema. Akaandika.

Akanipa vidonge vya rangi ya machungwa. Hata mkojo wangu ukawa wa machungwa. Mwezi wa pili damu ikakata. Nikanenepa, mkanda ukarudi kwenye tundu lake la zamani. Na nguvu za chumbani zikarudi kama vile hazikuwahi kuondoka. Ndugu yangu, wewe hujui furaha ya kukaa kwenye kiti saa nzima bila kutafuta choo kilipo. Mimi naijua. Nilitembea Mwaloni napiga mluzi.

Lakini mwaka ukapita Kabula hana mimba. Wa pili nao ukapita. Mimi sikujitilia shaka hata kidogo. Mwanaume anayefanya kazi yake chumbani atakuwaje na kasoro? Huo ulikuwa ujinga wangu, na najua ni ujinga wa wengi. Nguvu ni kitu kimoja, mbegu ni kitu kingine.

Dada yangu mkubwa, Minza, alikuwa akija kila Jumapili kutoka Nyakato. Siku moja akamtazama Kabula akitenga chakula.

"Wifi, hicho kitumbo ni cha ugali tu?"

"Cha ugali, wifi. Na wali kidogo ulioleta wewe."

Minza hakucheka. Akanigeukia mimi. "Kaka, kuna mwanamke huko Magu, ana mtoto mmoja tayari. Huyo tunajua anazaa. Hatubahatishi."

Kabula alisimama na bakuli mkononi akingoja niseme neno. Nikaendelea kula.

Asubuhi nikakuta begi limefungwa. Juu yake kulikuwa na karatasi mbili za hospitali.

"Nimepima mara mbili," akasema. "Niko salama. Wewe umepima?"

"Mimi nipime nini? Kwani wewe hunioni?"

"Nakuona sana. Sikuuliza hilo. Nimeuliza umepima?"

Akabeba begi lake.

"Ukipima, nifuate. Usipopima, mwambie dada yako amlete huyo wa Magu akupikie." Akapanda kivuko cha Kamanga, akaenda kwao.

Nilikaa siku tisa na kiburi changu. Siku ya kumi nikaenda kwa yule yule daktari, nikamwambia natafuta mtoto. Akanitaka nikae siku tatu bila kumwaga mbegu, kisha nirudi. Niliporudi, muuguzi mmoja binti akanikabidhi kikopo.

"Cha mkojo?" nikauliza.

"Hapana baba, cha mbegu. Chumba ni kile, ufunge mlango."

"Natoaje sasa, peke yangu?"

Akatazama pembeni. "Baba, wewe ni mtu mzima."

Nikaingia, nikatoa. Simalizi maelezo.

Majibu yakaja. "Mbegu ni chache sana," daktari akasema, "na nyingi hazitembei." Kitu cha kwanza nilichokiona kichwani ni Kabula amesimama na lile bakuli. Lakini daktari alikuwa bado anafungua faili langu.

"Baba, nadhani ni vidonge. Hivi vya machungwa vinatuliza utumbo vizuri, lakini kwa wanaume vinaweza kupunguza mbegu na kuzilegeza. Tukibadilisha dawa, kwa wengi zinarudi ndani ya miezi michache."

"Na wewe ukanipa?"

"Nilikuuliza kama una watoto. Ulisema watano."

"Ni wa marehemu kaka yangu."

"Mbona hukusema?"

Kwetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, na sentensi inaishia hapo. Ukiongeza "wa kaka" mbele ya wageni, umemtoa mtoto nje ya nyumba. Tangu tumzike kaka sikuwahi kulitamka hilo, hata mbele ya walimu wao. Nililitamka siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Daktari akaweka kalamu chini. "Hata mimi nilipaswa kuuliza kama unataka mwingine. Nilikuona mtu mzima, nikapita. Tumekosea wote wawili."

Nikasema basi vidonge hivyo navitupa ziwani leo leo.

"Usithubutu," akasema. "Ukiacha kiholela damu itarudi, na ugonjwa ukiamka nao unaharibu nguvu na mbegu. Nakupa dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, isiyo na shida hii."

Kwetu mke akirudi kwao humfuati peke yako kama unafuata mbuzi. Unakwenda na mkubwa wa ukoo, mnakaa, mnasikilizwa. Mkubwa wangu ni Minza. Nikavuka naye hadi Sengerema, sikumwambia kilichomo mfukoni. Tulipokaribishwa ndani mbele ya wazee wa kwao, Minza akakohoa aanze kusema.

"Dada, leo nasema mimi," nikamwambia. Nikasimama, nikampa baba mkwe karatasi. "Mwenye tatizo ni mimi. Mbegu zangu zimelala. Kabula ni mzima. Alitukanwa mezani kwangu nami nikawa natafuna. Hilo ndilo kosa langu, na halina dawa ya hospitali."

Mzee alisoma karatasi hadi mwisho, akaikunja taratibu. "Mkwe, nimeamua kesi nyingi hapa. Sijaona mwanaume akija na karatasi ya namna hii kwa miguu yake. Hata sijui nikutoze nini."

Kabula akasema kutoka mlangoni, "Na hizo mbegu zitaamka?"

"Daktari anasema zitaamka."

"Basi ngojeni nifunge begi."

Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa, akatolewa nje kupigwa mgongo. Kwenye kivuko, tulipofika katikati ya maji, Minza akamsogelea Kabula. "Wifi, nisamehe." Kabula akampa nusu ya hindi lake la kuchoma.

Mwezi wa nne wa dawa mpya nikapima tena, mbegu zimeongezeka na zinakimbia. Mwezi wa saba Kabula akaanza kuchukia harufu ya kayabo, mke wa mtu wa kayabo. Nilipoelewa maana yake nilikaa chini juu ya magunia, nikacheka peke yangu kama kichaa. Leo binti yetu ana miezi tisa. Ana meno mawili na ameshanijaribu nayo kidole.

Ninyi wanaume wenye ugonjwa huu wa utumbo, nawaambia msikate tamaa. Unatulizwa. Meza dawa, usiiache hata ukijisikia mzima. Mwambie daktari kama unataka mtoto, na kama chumbani kumelala mwambie pia, ameyasikia mengi. Unga wa nguvu za kiume unaouzwa njiani niliuonja mara moja, nikalala chooni siku mbili. Na msimpeleke mke kupima kabla yenu.

Wabeja sana, yaani asante kwa Kisukuma, Mungu wangu. Wabeja, daktari binti yangu. Wabeja, Kabula, uliyeondoka kwa wakati.

Na wewe uliyebaki na aibu yako, njoo Kirumba unitafute. Nitafunga ghala nikupeleke hadi ndani kwa daktari, na akikuuliza ukanyamaza, nitajibu mimi.